Meli Inayongoja Bâton

Mathilde alikuwa na sheria moja, na aliitunza kuliko wengine wanavyotunza kuku. Kila Jumapili baada ya misa, wapenzi wa vitabu vya majoka na vyombo vya anga walikusanyika barazani kwake, katika mtaa wa watu wa reli, na kila mmoja alijibu swali lile lile: unasoma nini sasa, na umefika wapi? Ambaye hakusoma alipewa beseni la karanga, akakaa mlangoni akizimenya, na mdomo wake ukafungwa mpaka watu watawanyike. Sheria hiyo aliitunga Mathilde mwenyewe. Prof Zacharie, mwalimu wa fizikia, aliwahi kuja akitetemeka kwa malaria, akajitetea kwamba mistari ilikuwa ikimcheza machoni. Mathilde alimpa pole, akampa chai, kisha akampa beseni.

Basi mkuki kwa nguruwe. Siku moja Mathilde aliikalia miwani yake kanisani, wakati wa matoleo, tena kwa uzito wote aliojaliwa. Ikavunjika. Akaituma ikatengenezwe Lubumbashi kwa mkono wa Guylain, mfanyakazi wa treni, na treni zetu mnazijua: huenda zikitaka, hurudi zikikumbuka. Guylain huyo huyo, siku alipoichukua miwani, alimwachia kitabu kipya, kwa kuwa zamu ya kukisoma kwanza ilikuwa ya Mathilde. Mathilde akakivika koti la karatasi ya mfuko wa unga, kama vitabu vyote vya kundi, kisichafuke. Kabla ya kukifunika alilikodolea macho jalada: kitu kinachong'aa, chenye ncha, katika giza. Meli ya nyota, akajiambia. Ndani, maandishi yote yalikuwa siafu wanaohama.

Angeweza kusema ukweli. Lakini juma zima Mathilde alikuwa mjane anayeuza mikate sokoni, na sokoni kila mtu husema na hakuna anayesikiliza. Jumapili peke yake ndipo watu waliponyamaza ili yeye aseme. Kukaa mlangoni na beseni, mbele ya watu aliowakalisha pale yeye mwenyewe? Aliogopa, tuseme wazi, na woga ukamfungua mdomo.

"Minyi niko nasoma kitabu moja ya meli yenye kuruka kati ya nyota," alisema Jumapili hiyo. "Kapiteni iko mwanamuke."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mathilde ilifika nyota ya tatu bila kukwama. Jumapili baada ya Jumapili meli ilisonga mbele. Déborah, mke wa askari, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Base, kambi ya jeshi, alisahau hata kusimulia kitabu chake. Kayembe, fundi cherehani anayesomea kwenye simu, aliizima simu yenyewe na kuitia mfukoni.

Tatizo lilianzia kwa Prof.

"Mama Mathilde, juu ya nini kapiteni anangoja tu ku kila nyota?"

"Chef, mukubwa ya ile nyota, bado kumupatia bâton. Bila bâton, hapana kutoka. Njia iko moja. Kama meli ingine inatokea mbele, bantu bote banakufa."

Prof akakuna kidevu. "Lakini kule mbinguni nafasi iko mingi. Meli inaweza kupita pembeni."

"Pembeni wapi?" Mathilde aliuliza, na alishangaa kweli. Baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ndogo. Utotoni alimwona akisimama kando ya reli na kumkabidhi dereva bâton, kile kijiti cha chuma, ruhusa ya kuingia kwenye njia ambayo treni mbili haziwezi kupishana. Mathilde hakuwahi kufikiria safari ambayo mtu huondoka tu, bila kupewa kitu mkononi.

Kayembe, ambaye ukoo wake wote umekula mkate wa reli, alimtazama kwa jicho la pembeni. Bâton hizo alizijua tangu nyumbani.

Kisha mwezi ukaisha, na mwezi ukiisha kitabu hupita kwa mwingine. Zamu ilikuwa ya Déborah, naye alinyoosha mikono yote miwili. Mathilde alifikiria kusema kwamba panya wamekila. Akapiga moyo konde, akampa. Juma lile aliunguza mikate, na ile isiyoungua aliitia chumvi mahali pa sukari. Jumamosi miwani ikafika, safi kabisa, lakini kitabu kilikuwa Base.

Jumapili Déborah alifika wa mwisho, akaketi, akakiweka kitabu mapajani.

"Déborah, unasoma nini sasa?" Mathilde aliuliza, maana ndiye aliyeuliza siku zote.

Déborah akakivua kitabu koti lake la karatasi. Safari hii Mathilde aliona vizuri: taji. Taji la dhahabu juu ya kitambaa cheusi.

"Nilisoma yote mpaka mwisho," Déborah alisema polepole. "Iko malkia, iko na majoka mbili mu shimo ya chumvi. Iko muzuri. Lakini meli hamuna, mama. Na nyota hamuna, hata moja."

Baraza zima likamgeukia Mathilde. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na beseni, akakaa mlangoni.

"Miwani ilivunjika," alisema. "Sikusoma hata mustari moja. Ile sheria, minyi njo niliitunga. Inifunge na minyi."

Akaanza kumenya. Prof akakohoa.

"Sasa kapiteni je? Tulimuacha ku nyota ya tatu, bâton bado kufika."

Mathilde akaonyesha beseni kwa kidole. Mwenye karanga hasemi.

Déborah akawaangalia wenzake. Akasimama, akaenda mlangoni, akachota karanga kwa viganja na kuzimimina kwenye kitenge chake. Kayembe akachota kwa kofia. Prof akajaza mifuko yote ya koti, mpaka beseni likabaki tupu. Wakarudi kwenye viti vyao, wakaanza kumenya, midomo imefungwa kama sheria inavyotaka. Mathilde peke yake alibaki mikono mitupu.

Kayembe ndiye aliyeivunja sheria, kidogo tu. Aliinuka tena, akauchukua mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akainama na kumkabidhi Mathilde kwa mikono miwili.

"Eyo vidye," alisema, salamu ya Kiluba ya kumheshimu mkubwa. "Njia iko wazi, mama."

Mathilde aliupokea, akaushika kwa nguvu, akavuta pumzi.

"Ile siku," akaanza, "chef ya nyota ya tatu aliamuka mapema."