Ndama Aliyebaki Kwenye Friza

Waliokuwepo katika chumba cha nyuma cha hekalu la mji wetu, Kagesaki, siku moja kabla ya ibada ya nyangumi, walikuwa hawa: Mtawa Ryukai, msimamizi wa hekalu, Bi Suda Mitsue, mwenye meli pekee ya kuwinda nyangumi iliyobaki mjini, Mzee Konno Tetsuro, mpiga chusa wa meli hiyo, Daktari Hatakeyama Sae, mtafiti wa Taasisi ya utafiti wa nyangumi, ambaye kila msimu hupanga chumba kwetu, na mimi, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwaka huandika kwa brashi maneno yanayosomwa mbele ya madhabahu. Kulikuwa na chai, biskuti za mchele, na sahani ya figili za kuchachushwa ambazo Bi Suda alizileta akituomba radhi kwamba zimezidi chumvi. Hazikuwa zimezidi.

Kazi yetu ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa kuyapitia maneno hayo. Kila majira ya kuchipua, kabla meli haijatoka, mji wetu huwaombea nyangumi waliouawa msimu uliopita, na huwaeleza waziwazi yale tuliyowatendea. Tangu uwindaji wa biashara uliposimamishwa na meli yetu kuanza kutoka kwa kibali cha utafiti, sentensi moja haijabadilika: "Ninyi mliotoa miili yenu kwa ajili ya elimu." Nimeiandika kwa miaka mingi hata mkono wangu huifikia kabla ya akili.

Mwaka huo, hata hivyo, majuma machache kabla ya ibada, majaji wa Mahakama ya Kimataifa kule Hague walikuwa wametoa hukumu. Mkataba wa nyangumi unairuhusu nchi kutoa kibali cha kuua kwa ajili ya utafiti, tena unataka nyama isitupwe. Lakini majaji walisema kwamba mpango wa nchi yetu wa bahari ya kusini, kwa jinsi ulivyopangwa, haukuwa wa utafiti kwa maana ya mkataba huo. Nilikuwa nimeifikia sentensi yangu, na brashi ikasita.

"Hiyo ni ya kusini," alisema Bi Suda, kana kwamba ameyasoma mawazo yangu. "Kule zinakokwenda meli kubwa. Sisi ni wa kaskazini, tena jioni tunarudi kulala makwetu. Mwalimu, andika kama kawaida."

"Kisheria Bi Suda yuko sahihi," alisema Daktari Hatakeyama. "Hukumu haikututaja sisi."

"Mmesikia? Leo mimi na Daktari tumekubaliana. Mtawa, gonga kengele."

Mtawa alicheka. Mzee Konno hakucheka. Alikuwa akikizungusha kikombe chake taratibu juu ya meza.

"Mimi sina ugomvi na majaji," alisema. "Nauliza tu. Yule mtoto yuko wapi?"

Hakuna aliyeuliza ni mtoto gani. Katika mji wetu, ndama anayekutwa tumboni mwa nyangumi haliwi wala hatupwi. Hufungwa kwa kitambaa cheupe, huzikwa kwenye mteremko nyuma ya hekalu, kichwa kikielekea baharini, na Mtawa humpa jina jipya, kama anavyompa binadamu aliyekufa. Utafiti ulipoanza, desturi hii haikuvunjwa. Watafiti humpima ndama, huchukua kidogo wanachokihitaji, kisha humleta hekaluni siku hiyohiyo. Ni mmoja tu aliyekosa kuletwa. Misimu miwili nyuma, Daktari aliomba abaki naye mzima, kwa sababu alitaka kuchunguza jinsi masikio yake yalivyoumbika, kwa mashine ya chuo kikuu cha Sendai inayoona ndani bila kupasua. Baadaye Taasisi ilibadilisha mipango yake, fedha za mashine zikapelekwa kwingine, na ndama akabaki kwenye friza ya kituo cha kuchinjia, chini kule bandarini. Aliyempiga chusa mama yake alikuwa Mzee Konno.

"Mwaka jana uliniambia nisubiri kidogo," aliendelea.

"Nilikwambia, Mzee."

"Nikasubiri. Mke wangu ananiuliza, yule mtoto ameshapata jina? Namwambia bado, yuko shuleni." Alikunywa chai. "Sasa kesho nisimame pale mbele, Mwalimu awaambie wafu kwamba wamekufa kwa ajili ya elimu, na yule hajafunguliwa hata ukurasa mmoja. Siwezi. Nilipomwona mama yake juu ya sakafu ya kituo, nilimwambia mwanao atalala kule juu. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Asipozikwa, Mitsue, tafuta mtu mwingine wa kushika mzinga wa chusa."

Bi Suda aliweka chini vijiti vyake vya kulia. Katika pwani yote hapakuwa na mpiga chusa mwingine mwenye leseni ambaye hakuwa na meli, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Meli yake ya kwanza ilichukuliwa na tsunami. Hii ya pili ilikuwa bado inanuka rangi.

"Daktari," alisema kwa upole, "mpe mzee mtoto wake."

"Natamani ningempa leo. Lakini sampuli si mali yangu, imesajiliwa. Nikiitoa lazima nieleze kwa nini."

"Sema friza iliharibika."

"Bi Suda."

"Nasema tu. Umeme wa hapa tabia zake si zinajulikana? Friza yangu ya dukani imeshakufa mara mbili, tena ikiwa na pweza wa watu."

Mtawa alikohoa ndani ya mkono wa joho lake. Nakiri kwamba pendekezo hilo lilinivutia. Lilikuwa jepesi, lilimpa kila mtu alichokitaka, na halikumdhuru yeyote ambaye ningeweza kumtaja kwa jina. Daktari alimgeukia Mzee Konno.

"Nikisema friza iliharibika, utapanda melini?"

Mzee alifikiri. "Mtoto akizikwa, nitapanda. Sababu ni yako. Mimi si mkubwa wako wa kazi."

Basi uamuzi ulirudi kwa Daktari peke yake. Ndipo nilipouliza swali ambalo, kwa mazoea ya darasani, lilinitoka kabla sijalipima.

"Daktari, kama yule ndama angekuwa bado tumboni leo, na kibali kiko hapa mezani, ungeomba umchukue?"

"Mwalimu," alisema Bi Suda, "hapa hakuna mtihani."

"Samahani."

"Hapana, ni swali la haki," alisema Daktari. Alijiweka sawa juu ya mkeka. "Tuanze na mama yake. Wavuvi wa hapa wanalalamika kwamba nyangumi wanawamalizia samaki, na sisi tulitaka kujua ukweli. Kilichomo tumboni huwezi kukiona kwa nje. Hiyo kazi nimeifanya, na majibu yake yapo. Siku hizi wenzangu wanapata sehemu kubwa ya jibu kwa kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha, na mnyama anakwenda zake. Si jibu lote, nisiwadanganye. Kwa hiyo kuhusu mama naweza kubishana na nyinyi, na naweza kubishana na majaji."

"Na mtoto?" aliuliza Mzee Konno.

"Mtoto hakuna aliyemwomba. Tulimkuta tu. Mimi ndiye niliyemgeuza sampuli." Sauti yake ilipungua. "Nilimwona pale, ana masharubu mafupi mdomoni, nikatafuta swali la kumuuliza. Nilitaka asiwe amekufa bure."

Mzee Konno alimsogezea sahani ya figili. Daktari hakula, lakini aliishika sahani.

"Sasa nisikilize na mimi," alisema Bi Suda. "Ukiandika kwamba hukumhitaji, unajua karatasi hiyo itasomwaje? Mtafiti wao mwenyewe amesema hakuna haja. Haitasemwa ni ndama mmoja. Wale wanaharakati wa kamera watarudi getini kwangu, na wizara ikitaka sababu ya kupunguza kibali cha kaskazini, utakuwa umewapelekea kwenye sinia. Mimi nyangumi nampenda kuliko wao. Marehemu mume wangu alizikwa na jino la nyangumi mfukoni. Nina mabaharia, wana watoto. Friza, Daktari. Neno moja."

"Najua, Bi Suda. Ndiyo maana bado nimekaa."

"Mtawa, sema kitu," nilisema.

"Mimi wananiletea kazi mwishoni," alijibu Mtawa. "Nyinyi mkiamua, mimi nachimba. Ila jembe langu mpini umelegea, Konno, ulisema utautengeneza."

Daktari alinyanyuka, akainama kutuaga, akavaa viatu vyake pale kizingitini. Tulimsikia akiteremka ngazi za mawe kuelekea bandarini. Hakuna aliyejua kama amekwenda kwa hasira au kwa kazi. Bi Suda alitujazia chai bila kuulizwa. Mzee Konno alikwenda stoo, akaleta jembe, akaanza kuushindilia kabari mpini wake kwa kitako cha kiganja.

"Na ukifungiwa nje ya bahari, Tetsuro, utafanya nini?" Bi Suda alimuuliza.

"Nitakuja dukani kwako nikulindie pweza."

"Pweza wangu hawataki mpiga chusa. Watashtuka."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, na Bi Suda akafuta macho yake kwa ncha ya kitambaa cha meza.

Daktari aliporudi alikuwa amebeba sanduku jeupe la samaki, lile jepesi la sokoni, akilikumbatia kwa mikono yote miwili. Hakuingia nalo. Aliliweka barazani, kwenye kivuli, kisha akapiga magoti kando yake. Mzee Konno aliacha jembe, akatoka, akakaa upande wa pili wa sanduku. Hakulifungua. Aliweka tu kiganja juu ya mfuniko na kukiacha hapo.

Daktari alitutazama sote, Bi Suda kwa muda mrefu zaidi.

"Nimempigia simu mkuu wangu nikiwa kituoni," alisema. "Nimemwambia naitoa sampuli hii, na sababu nitaiandika kama ilivyo: kwamba haikutumika, na kwamba leo nisingeiomba. Amesema huenda msimu huu akaja mtafiti mwingine badala yangu. Nimemjibu kwamba nitaandika hata hivyo. Bi Suda, nitaandika pia kuhusu kazi ya mama yake na majibu tuliyoyapata, ili wasome yote mawili. Zaidi ya hapo sina uwezo. Mwalimu, kwa wale wengine sentensi yako iache. Kwa huyu andika kwamba alikufa pamoja na mama yake, na kwamba hatukumhitaji. Tutamzika kesho asubuhi, kabla ya ibada."