Migongo Mitano Mbele Yake

...na sasa hata donati hataki, Dewey, yeye ambaye msimu uliopita alikuwa akimaliza nne kabla Kocha Brandt hajawasha mashine ya picha, leo sanduku limefika mbele yake akalisukuma kwa kidole kama lina panya mfu, na Lonnie ameliona hilo, Jumamosi hii Lonnie anaona kila kitu, mbavu zinamuuma, jana, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, ameangushwa mara tisa, tisa, na bado akarusha pasi nne za alama, na bado wamefungwa, na bado ni yeye, kwotabeki, mrushaji wa timu, aliyeamka saa kumi na mbili kwenda kuwanunulia donati hawa watano wa ukuta unaosimama mbele yake, maana ndivyo ilivyo hapa, mrushaji huwalisha wanaomlinda, hata baba yake aliwalisha wake katika chumba hikihiki... Lonnie anaramba sukari vidoleni, taa zimezimwa, picha ya mechi ya jana inawaka, ndani yake Dewey anainama, mkubwa kama ghala la mahindi, mpira unatoka, na namba hamsini na sita wa wapinzani anampita kama anayeingia dukani, na Lonnie wa kwenye picha anakwenda chini. "Tena," anasema Kocha, picha inarudi nyuma, watu wanainuka kutoka ardhini, kisha wanaanguka upya. "Dewey, kaka," anasema Tuck wa katikati ya ukuta, mdomo umejaa, "ulikuwa unamzuia au unamfungulia mlango?" Kicheko. "Niliteleza." "Mara tisa?" "Kulikuwa na barafu." "Barafu upande wako tu, bwana mkubwa?" na Dewey anatazama viatu vyake, mbona anatazama viatu... Wanakuuza, mwanangu, baba alisema jana garini, mtu hazembei mara tisa, na Lonnie alijua ni kwa nini, ni lile gazeti, nipe sekunde tatu tu, alimwambia mwandishi, tatu, na nitamshinda yeyote, akasema yote hayo bila kuutaja ukuta, na katika mji huu mrushaji huutaja ukuta kwanza ndipo ajitaje, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, akasahau, au hakusahau, alitaka mara moja tu jina lake lisimame peke yake, na sasa Dewey hali donati... "Tena," anasema Kocha, na Lonnie anahisi macho ya Kocha yakimpima gizani, asubuhi, korido ikiwa tupu, Kocha alimshika bega, "Ukitikisa kichwa kukubali mwisho wa picha, Ijumaa Dewey anakaa benchi, wewe ndiye unayeumia, wewe uamue," na Ijumaa ni mechi ya mwisho ya wanaomaliza shule, mama zao wanatembea nao uwanjani wakiwa na ua kifuani, mama yake Dewey ameshanunua koti... basi asingefungua mlango, si angefikiria koti! Picha inarudi, inasimama, na hapo, hapo, Lonnie anajiinua kitini, namba hamsini na sita amegusa helmeti yake, vidole viwili, mdomoni, kabla mpira haujatoka, akimtazama nani, akimtazama Dewey, ni Dewey aliye mbele yake, na hao wawili wanajuana, kiangazi chote waling'oa mbelewele za mahindi katika shamba moja, wakila chakula kivulini mwa lori moja, kumbe ni ishara, kumbe wamepanga, damu inampanda masikioni, yuko tayari, shingo yenyewe inataka kutikisika... "Kocha, ile iliyotangulia," anasema, anataka uhakika kwanza, "ile tuliyokimbia nayo," na Kocha anairudisha, Lonnie anampa mkimbiaji mpira mkononi, na namba hamsini na sita hagusi helmeti, Dewey anambeba mzimamzima mpaka nje ya picha, Tuck anapiga makofi, "Huyo ndiye Dewey wangu!" sasa iliyofuata, pasi, vidole viwili mdomoni, anguko, na nyingine, pasi, vidole viwili, na anayetazamwa si Dewey, macho yanapita juu ya bega la Dewey, yanamtazama aliye nyuma, na aliye nyuma ni Lonnie Sedlak, ameinua mkono, anaramba vidole viwili, baridi ilipoanza ngozi ya mpira ikawa inateleza, akawa anaramba, kila akitaka kurusha, kila mara, na akitaka kumpa mkimbiaji harambi... hamsini na sita hakuwa akimwashiria Dewey, alikuwa akimwiga yeye, akiwaambia wenzake sasa ni pasi, mvamieni, na wote waliiona, wapinzani kumi na mmoja, labda hata wauza soseji, uwanja mzima isipokuwa hawa watano, kwa sababu hawa wanampa mgongo, tangu wakiwa na miaka kumi wanampa mgongo ili yeye aone mbele, na Dewey alidhani ni barafu, alidhani ni miguu yake, ndiyo maana anaitazama, ndiyo maana hali, mtu hali donati asiyoistahili... Ulimi wake bado una utamu wa sukari. Hakuna mwingine aliyeona, Tuck anatafuna, Dewey yuko na viatu vyake, akinyamaza atabaki yule wa gazeti, mmoja aliyebeba kumi, na barua ya chuo kinachomtaka akachezee bado iko mezani nyumbani. "Haya, Lonnie," anasema Kocha. Kidole chake kiko juu ya kitufe. Shingo haisogei. "Rudisha tena, Kocha. Ila usimtazame Dewey." "Nimtazame nani?" na kwenye picha wanaanza kuinuka, wote, nyuma nyuma, Dewey kwanza, na nyuma yao mkono ule wa Lonnie unapanda tena kuelekea mdomoni.