Mkia wa Ndege Yenye Njaa

Ninasinzia saa nane na robo mchana, ndani ya kontena tunaloliita ofisi, shavu likiwa juu ya mchoro wa mlango wa karakana, na nasema mapema asije mtu akanizushia: nimekula wali na samaki wa kupaka, kiyoyozi kinavuma, kazi nimeshaimaliza. Mimi ni Mwanahawa Shekiondo, injinia wa ndege kwa miaka ishirini na sita, na sahihi yangu iko pale chini ya mchoro, wino umekauka. Shirika letu linataka ndege kubwa ya abiria, ile kubwa kupita zote, na kampuni mbili zinagombania kutuuzia, Vandor na Helmira, kila moja ikiapa kwamba ya mwenzake ni banda la kuku lenye mabawa. Bodi haijachagua. Karakana nayo haiwezi kuingoja bodi, kwa hiyo nimeambiwa nichore mlango utakaopitisha yoyote kati ya hizo mbili. Nimefungua vijitabu vyao vya mauzo, nimechukua mkia ulio mrefu zaidi, mita ishirini na nne kutoka ardhini hadi nchani, nikaongeza nusu mita ya heshima. Saa kumi Fundi Mfinanga atazikata nguzo za chuma kwa kipimo hicho, na chuma kikishakatwa hakibembelezeki. Mlango ukitoka mfupi, ndege itabaki nje inanyeshewa na jina langu litanyeshewa nayo. Lakini sina wasiwasi, nimepiga hesabu mara mbili. Nafumba macho, na mlango niliouchora unafunguka.

Napita. Ng'ambo ya mlango kuna njia ya kurukia ndege isiyo na mwisho, katikati yake mstari wa njano, nami naufuata mstari kwa sababu nimefundishwa kuufuata, na kila nikiufuata unapinda, na kila ukipinda nauona mji uleule upande wa kulia, kuta zake za bati la ndege lililosuguliwa hadi linanionyesha ushungi wangu umekaa upande, na kushoto mji mwingine, uleule pia, hata kibanda cha chai kiko palepale, hata sufuria iliyobonyea. Wa kulia ni Vandor, wa kushoto ni Helmira, au ni kinyume, maana nikigeuka inabadilishana. Mbele yangu anatokea mtu aliyevaa riflekta na vifunika masikio, mikononi ana fimbo mbili za kuongozea ndege, ila hana uso, penye uso pamenyooka tu kama bati bila hata rivati moja. Shikamoo, namwambia, maana sijui umri wa mtu asiye na uso na adabu haidhuru. Marahaba, anajibu, na kumbe ana sauti ya mtu wa Muheza. Nauliza, hapa ni wapi? Anasema, kitendawili. Mzee wangu, nasema, mimi nina kazi saa kumi. Anasema tena, kitendawili. Mtu uliyelelewa ukalelewa huwezi kulikwepa neno hilo, basi nasema, tega. Anatega: nikishiba nafupika, nikishinda njaa narefuka. Nasema, mkanda wa suruali. Anatikisa kichwa. Nasema, hasira za mume wangu. Anatikisa tena, taratibu, kama anayenionea huruma. Nipe mji, anasema. Haya, nakupa Vandor. Anacheka bila mdomo. Huo si wako, anasema, nipe ulio wako. Mji wangu ni Tanga, na Tanga yuko mama yangu, siwezi kuitoa Tanga kwa sababu ya mkanda wa suruali. Simpi. Basi hujashindwa na hujashinda, anasema, tembea.

Natembea, naingia Vandor, na barabara zote za Vandor zinapita chini ya bawa moja, bawa refu hadi watu wameanika nguo upande huu na upande ule mvua inanyesha. Chini ya bawa ameketi mwanamke na cherehani, anashona foronya za viti, nyuma yake mlima wa foronya. Ananiambia anaitwa Bi Sikudhani na nisikanyage kitambaa. Namuuliza anashonea viti vingapi. Mwanangu, anasema, jana vilikuwa mia tano, leo asubuhi mia saba, sasa hivi sijui, wale wa Helmira wameweka ngazi ya kuzunguka ndani ya ndege yao, basi sisi tunaongeza ghorofa ya tatu. Na huko ghorofa ya tatu atakaa nani? Anasimamisha cherehani. Nani vipi? Abiria, nasema, atakayekaa. Anakata uzi kwa meno. Hao hatujawauliza, anasema, nadhani wana ofisi yao. Nacheka, naaga, navuka mstari wa njano, naingia Helmira, na chini ya bawa la Helmira ameketi Bi Sikudhani yuleyule, kitambaa tu ndicho cha rangi nyingine, na ananiambia nisikikanyage. Wale wa Vandor wameongeza ghorofa ya tatu, anasema, basi sisi tunaongeza ya nne. Nimetoka huko sasa hivi, namwambia, wameongeza kwa sababu ya ngazi yenu. Basi waanze wao kuacha, anasema, na anakanyaga cherehani. Hapo natamani kumkumbatia, maana maneno hayo nimeyasikia mikutanoni mwaka mzima kutoka kwa watu wenye tai, na hakuna hata mmoja aliyeyasema kwa ufupi hivyo.

Nikitoka, miji yote miwili imekwishakusanyika kwenye njia ya kurukia, watu wa huku wakitazamana na watu wa kule ambao ni wao wenyewe, na katikati zimesimama zile ndege mbili, mkia kwa mkia. Huyo hapo injinia, wanapiga kelele, atupimie, atakayezidiwa ndege yake ivunjwe iwe masufuria! Na tepu ya kupimia iko mkononi mwangu, sijui imefikaje. Napanda hewani kama mtu anavyopanda ngazi, napima. Vandor, mita ishirini na nne. Helmira, pungufu ya hapo kwa shubiri moja. Upande mmoja vigelegele, upande wa pili kilio. Kisha wa Helmira mmoja anainama tumboni mwa ndege yao na kufungua koki, mafuta yanamwagika kwenye mapipa, na ndege inapumua, miguu yake iliyokuwa imejikunja inanyooka pole pole, na mkia unapanda, shubiri, shubiri mbili, unaupita wa Vandor. Wizi! wanalia Vandor, na wao wanafungua koki, wanateremsha na mizigo, wanang'oa na viti vya Bi Sikudhani, na mkia wao nao unapanda. Mimi niko juu na tepu yangu nawacheka, watu wazima wanashindana kwa ndege zisizo na kitu ndani. Kisha kicheko kinanikauka.

Yule asiye na uso amesimama kando yangu. Kitendawili, anasema. Sihitaji mtu anitegulie, nimeshajua. Ni ndege. Ikishiba mafuta na watu inakaa chini, ikiwa tupu inasimama juu. Kwa ndege ndogo tulizozoea tofauti ni vidole viwili, na kwa miaka ishirini na sita hakuna fundi kwetu aliyejali vidole viwili, mimi wa kwanza. Lakini majitu haya! Na ndege haiingii karakana imeshiba. Tunaikausha kwanza, matanki matupu, mizigo nje, sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu ukutani kwenye karakana ya zamani. Na vile vijitabu vya mauzo, kila kampuni inataka tuamini kwamba ndege yake itaingia popote, ipo radhi kuonekana fupi pale ufupi unapouza, basi wameandika urefu wa ndege iliyoshiba hadi shingoni. Nami nimesoma kijitabu cha muuzaji nikakiacha kitabu cha matengenezo kabatini, mimi, ninayewagombeza vijana kila siku kwa kosa hilohilo. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Kisha aibu inageuka hofu, maana saa kumi.

Nakimbia. Mstari wa njano unapinda na kunirudisha, nauacha mstari, nakimbia juu ya lami tupu, na nyuma yangu naisikia ndege ikija, yenye njaa, haivutwi na trekta wala mtu, mkia wake unakwaruza mawingu. Mbele ni mlango wangu, mfupi, mfupi wa kuchekesha, na juu kabisa, palipo na boriti, Fundi Mfinanga ameketi akining'iniza miguu, anakata chuma, cheche zinaruka, na amevaa vifunika masikio. Mfinanga, shuka! Sauti haitoki. Shuka, baba, ina njaa! Haitoki. Namwona anapangusa jasho, anaitazama chaki yangu kwenye chuma kwa imani yote, kwa sababu nimeichora mimi, na mimi huwa sikosei. Namgeukia asiye na uso, nalia sasa, namwambia, nimeshategua, ni ndege, simamisha! Naye, bila haraka, anainua fimbo zake mbili juu ya kichwa na kuzipishanisha. Ndege inasimama. Inasimama shubiri moja kutoka kwenye boriti, inatetemeka, inatulia, nami naketi kwenye lami, miguu inaniuma kwa mbio.

Ngo, ngo, ngo. Mlango wa kontena. Saa kumi kasoro dakika kumi. Mfinanga amesimama kizingitini, mzima, vumbi hadi kwenye kope. Mama Injinia, anasema, mashine iko tayari, tukate? Usikate! napiga kelele, na sauti inatoka, inatoka hadi yeye anarudi nyuma hatua mbili. Nafungua kabati, nakitoa kitabu cha matengenezo cha Vandor, napekua, jedwali lipo: ndege tupu, matanki makavu, mkia mita ishirini na tano na sentimita kumi. Cha Helmira, ishirini na tano na tano. Mlango wangu ni ishirini na nne na nusu. Nakaa chini sakafuni na kitabu mapajani, nacheka na kulia kwa pamoja. Kuna msiba? anauliza Mfinanga kwa sauti ya chini. Hakuna msiba, ndugu yangu, nasema, hakuna msiba hata kidogo! Afadhali, anasema, maana umenitisha, basi tukate kwa kiasi gani? Ongeza mita moja na nusu, namwambia, nachora upya sasa hivi, na mwambie meneja kosa ni langu, au ngoja, nitamwambia mwenyewe. Anavuta midomo, anapiga hesabu. Zimekuja ndefu, anasema, zitatosha na kubaki. Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo tangu niolewe.

Hata hivyo nalisoma jedwali tena, mara ya tatu, mara ya nne, kwa sababu nimetoka mahali ambapo namba zinapanda zenyewe. Nifinye, namwambia Mfinanga. Anashika kichwa. Mke wa mtu nimfinye mimi? Jifinye mwenyewe, mama! Najifinya, inauma, lakini hata kule miguu iliniuma. Natoka nje naye. Jua ni kali, njia ya kurukia ni fupi na ina mwisho, hakuna Vandor wala Helmira, bodi haijanunua hata tairi, na huenda wakanunua mwaka kesho au wasinunue kabisa, wagombane tu hadi wachoke. Nguzo sita zimelala juu ya magogo, ndefu, nzima, hazijaguswa na msumeno. Naipitia moja kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, chuma kina moto, nami namshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mafundi wote bila haya. Kama huku ndiko kuamka, alhamdulillahi. Na kama bado nimelala, basi naomba asiniguse mtu mpaka nguzo zisimame.