Alichosema Mama Pasi

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo la Baraza la Jiji palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama koridoni. Humo alikaa mama mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Masikio. Msidhani masikio yake yalikuwa makubwa, la, yalikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na kazi. Madiwani walisema ukumbini, mitambo ikarekodi, naye akavaa hedfoni zake, akakanyaga pedeli ya kurudisha sauti nyuma, akaandika kila neno. Wakipiga makofi aliandika "makofi". Wakicheka aliandika "kicheko". Wakitukanana, na walikuwa wanatukanana jamani, watu wazima na suti zao, aliandika matusi yote na nukta zake.

Waandishi walikuwa na ruhusa moja. Neno likikataa kusikika, waliandika "haisikiki", na mwenzao akalisikiliza upya. Bi Masikio hakuwahi kuitumia ruhusa hiyo. Miaka kumi na tisa! Wenzake walipoijaza "haisikiki" kila ukurasa, yeye aliwaangalia kwa jicho la pembeni na kusema, "Nyie mnasikia kwa miguu?" Kiburi, ndiyo. Lakini tusimseme sana, maana hakuwa na kingine cha kujivunia. Mumewe alifariki mapema kabla hawajapata mtoto. Dada yake wa pekee alihamia mbali, simu zikapungua mpaka zikabaki za mwaka mpya. Jioni Bi Masikio alifungua vyumba vyake viwili, akawasha redio kabla hata ya kuvua viatu, ili mle ndani kuwe na mtu anayeongea.

Sasa, katika madiwani wote alikuwapo mmoja ambaye Bi Masikio hakumpenda hata kwa dawa. Huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya majengo, mama wa makamo, nguo zake zimenyooka na uso wake umenyooka vilevile. Jiji zima lilimwita Mama Pasi, kwa huko kunyooka na kwa sababu akikugusa unaungua. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Bi Masikio alikuwa na kisa chake binafsi naye. Siku moja walipanda lifti pamoja, wawili tu, Bi Masikio akasema, "Habari za asubuhi, Mheshimiwa." Kimya. Lifti ikapanda mpaka juu, Mama Pasi akatoka, hata kugeuza shingo hakugeuza. Basi, ikawa imekwisha. Tangu siku hiyo Bi Masikio alimjua, au alidhani amemjua.

Jumanne moja Baraza lilijadili kubomoa nyumba za zamani za jiji, zenye familia mia mbili ndani. Mama Pasi alisema kuta zina nyufa, zitawaangukia watu. Hakusema kwa huruma, alisema kama anayesoma orodha ya vifaa. Akasimama diwani mmoja kijana, fundi wa kupigiwa makofi, akauliza, "Mheshimiwa, akina mama wanalia huko nje. Hivi wewe ukirudi nyumbani, watu wako hawakuulizi?" Mama Pasi akajibu kwa maneno machache. Kabla hajamaliza, ukumbi ulilipuka kwa kelele.

Kesho yake sauti ikafika kwa Bi Masikio. Alisikia "Mimi sina", kisha neno fupi, kisha kelele tupu. Siku zote mahali pagumu alirudia mara tatu, nne, mpaka mguu ukauma kwenye pedeli. Siku hiyo alisikiliza mara moja. Aliona limekaa sawa kabisa na yule mwanamke wa kwenye lifti. Akaandika: "Mimi sina utu. (Kelele.)" Akanywa chai yake.

Loo! Kumbukumbu za kikao zilipotolewa tu, mji ukawaka moto. Magazeti yakayaweka maneno hayo mbele kwa herufi kubwa kama sahani. Watu wakayaandika kwenye mabango, wakayaimba langoni. Waliokuwapo ukumbini nao, ambao kwa kelele zile hawakusikia lolote, wakaapa walisikia kwa masikio yao. Madiwani wakapanga kura ya kumwondoa, Jumatatu inayofuata. Na Mama Pasi mwenyewe? Hakukanusha, hakulalamika. Aliingia na kutoka vilevile, amenyooka.

Ijumaa mkuu wa kitengo alimwita Bi Masikio. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe, kama angepata, na alimwita mama, lakini mama ya kumtuma. "Mama, wanataka nakala yenye muhuri kwa ajili ya kura. Ipitie mara ya mwisho, uniletee."

Akaipitia. Muhuri ni muhuri, kwa hiyo safari hii alipunguza kasi ya sauti, akafumba macho. Alipofika pale, mguu ukakanyaga pedeli wenyewe. Akarudia. Akarudia tena. Jamani, neno "utu" huanza na midomo ikichongoka, na "mtu" huanza na midomo ikifungwa. Midomo hii ilikuwa imefungwa. Na chini ya kelele, mbali, sauti ileile ilikuwa inamalizia: "...wa kuniuliza."

Mimi sina mtu wa kuniuliza.

Bi Masikio alivua hedfoni. Sauti hiyo aliijua. Wiki hiyohiyo alikwenda kupimwa presha, nesi akashika kalamu na kumuuliza, "Mtu wako wa karibu tuandike nani, mama?" Naye akajibu, "Sina mtu," kwa sauti kavu ya mtu anayesema hana chenji. Ukisema kwa sauti nyingine, unalia. Mama Pasi alijibu swali aliloulizwa, tena kwa ukweli, na yeye Bi Masikio akampaka matope mji mzima kwa sababu ya salamu ya lifti. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo, akamweleza yote. Kijana akafunga mlango.

"Mama, umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi kumi."

"Miezi kumi! Halafu unataka kumwaga unga leo? Ukisema umekosea hili, watauliza umekosea mangapi mengine. Watakufukuza, na mimi nikufuate. Mwenyewe amekaa kimya, wewe kinakuwasha nini? Kanuni unaijua: neno la mwisho ni la msemaji mwenyewe. Angekuwa hakusema, angekanusha."

Hapo kijana alikuwa na hoja, na hoja hiyo ndiyo iliyompandisha Bi Masikio ngazi mpaka ghorofa ya tano. Alitaka kujua kwa nini.

Ofisi ya Mama Pasi ilikuwa na viti viwili. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili, na vumbi juu ya mafaili lilionyesha hakijakaliwa siku nyingi. Mama Pasi akayahamishia sakafuni mwenyewe, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Wewe ndiye wa chumba cha kioo," akasema. "Leo umeamua kunisalimia."

"Mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe. Nimekupungia mkono pale dirishani mara ngapi? Mwaka wangu wa kwanza, kila asubuhi. Unanikodolea macho, kimya. Nikasema huyu mama anaringa kwelikweli, nikaacha."

"Mheshimiwa, nikivaa hedfoni sioni."

"Huoni? Kwani unazivaa machoni?"

"Macho yapo wazi tu. Mwenyewe ninakuwa nimehamia masikioni."

Mama Pasi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama cha mtu aliyekohoa. Katika kurasa zote alizowahi kuandika, Bi Masikio hakuwahi kuweka "kicheko" mbele ya jina lile, na ghafla akajikuta anasema, "Na mimi nilikusalimia kwenye lifti, hukuitika."

"Lini?"

"Miaka saba iliyopita. Mwezi wa sita."

"Sikumbuki, dada. Labda nilikuwa na mambo yangu kichwani. Ndiyo umeninunia miaka saba?"

"Saba na miezi."

Bi Masikio akapiga moyo konde, akasema lililomleta: alivyosikia mara moja, alivyoandika, alivyorudia Ijumaa hiyo na kulisikia neno lenyewe. "Ulisema mtu, nikaandika utu. Nisamehe."

Mama Pasi akanyoosha kona ya karatasi iliyokuwa imenyooka tayari.

"Najua nilichosema," akajibu.

"Sasa kwa nini hukukanusha?"

"Nikanushe vipi? Nisimame mbele ya kamera niseme, ndugu waandishi, mlinisikia vibaya, mimi nilisema tu kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu? Kesho wananiletea maua. Yule kijana wa makofi ananikumbatia. Majirani wanagonga mlango kuangalia ninavyoishi. Hapana. Wakiniogopa, nitalala. Wakinihurumia, hata dukani sitaweza kwenda."

"Lakini watakuondoa."

"Waniondoe. Nyufa zipo palepale, atakayekuja ataziona." Akamtazama. "Wewe umebakiza muda gani?"

Swali lilelile, siku ileile. "Miezi kumi."

"Na mkuu wako anasemaje?"

"Ninyamaze."

"Basi leo nimekubaliana na mjinga. Nyamaza."

Bi Masikio akasimama. Hakuwa mtu wa kubishana na waheshimiwa, lakini kazi ilikuwa yake. "Siwezi, Mheshimiwa. Hilo neno ni langu, si lako. Siwezi kukuachia ulibebe."

Mama Pasi hakumzuia. Alisema tu, "Hata chai sijakupa," na alisema kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa.

Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndefu, wee! Bi Masikio aliandika barua ya kusahihisha, akaichana, akaandika nyingine. Mara kumi alitamani kumuuliza mtu: nikitangaza, nitamsaidia au nitamvua nguo hadharani? Akampigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakata. Akazima redio, kwa sababu ilikuwa inamwongelea Mama Pasi, na nyumba ikawa kimya mpaka akasikia friji ya jirani. Akafikiria kwamba upande mwingine wa mji kuna mwanamke mwingine amekaa hivihivi saa hizi, na kwamba angeweza kwenda kubisha hodi, wakanywa ile chai. Hakwenda. Angeanzaje?

Jumatatu alimpita mkuu wake kama hamwoni, akampa barua karani wa Baraza mkononi. Kisha akarudi chumbani kwake, akavaa hedfoni na kufungua sauti ya ukumbini moja kwa moja.

Karani alisoma: "Mwandishi anaomba kusahihisha. Palipoandikwa 'sina utu', pasomeke 'sina mtu wa kuniuliza'. Kosa ni la mwandishi."

Ukumbi ukanyamaza. Bi Masikio hakuwahi kuusikia ukinyamaza namna ile. Kisha mtu mmoja akasema taratibu, "Maskini," na mwingine akasema, "Kumbe?" na minong'ono ikaanza kuenea viti hadi viti. Ilikuwa minong'ono laini, ya msibani.

Mwenyekiti wa Baraza akagonga meza. Sauti yake ilikuwa kali. "Hili ni jambo zito. Kama mwandishi amemzushia mheshimiwa maneno, haiwezekani akaendelea hata leo katika jengo hili, na stahili zake za kustaafu tutazitazama. Lakini kwa kanuni zetu neno la mwisho ni la msemaji. Mheshimiwa, sema mwenyewe. Ulisema mtu, au ulisema utu?"

Bi Masikio alizibana hedfoni kwa mikono miwili. Alisikia kipaza sauti kikiwashwa. Alisikia pumzi ikiingia. Akawa anaomba kimoyomoyo: funga midomo, dada, funga midomo.

"Utu," alisema Mama Pasi. "Nilisema utu. Mwandishi alisikia vizuri, amepata woga tu kwa kelele za mitaani. Hakukosea. Mwacheni afanye kazi yake."

Kelele ikapanda tena, zamu hii bila huruma hata chembe. Bi Masikio alikuwa ameshafika mlangoni, hedfoni zimening'inia shingoni, waya umechomoka. Akasimama hapo. Aende akaseme nini? Aseme anaongopa? Kwa kanuni, hakukuwa tena na mtu wa kumsikiliza. Koridoni watu walikuwa wanakimbilia ukumbini kushuhudia kura, na kura haikuchukua hata robo saa. Mama Pasi akaondolewa. Alitoka kwa mlango wa nyuma, hakupita ghorofa ya pili.

Mchana sauti ya kikao ikaletwa iandikwe, kama kawaida. Mkuu wa kitengo akachungulia mlangoni, anatabasamu. "Umeona, mama? Si nilikuambia? Una bahati wewe." Akaenda zake.

Akaandika. Salamu za ufunguzi, barua yake mwenyewe, swali la mwenyekiti. Alipofika kwenye jibu alilirudia mara tatu, akitafuta. Sauti ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Midomo ilikuwa imechongoka. Hakuweza kujua kama pale amesikia kiburi cha mwanamke asiyetaka kuonewa huruma, au huruma ya mwanamke anayempa mwenzake miezi kumi, na hakukuwa na ruhusa yoyote ya kuandika kwamba hajui. Akaandika lilivyotamkwa: "Nilisema utu."

Kisha akalaza kichwa mezani, akalia kwa sauti, na nje ya kioo watu walipita wakienda kula, na hakuna aliyeingia kumuuliza ana nini.