Siku Kimbunga Kilipopiga Hodi Kitopeni

Jana niliota nimewekwa kusimamia mkoa mzima usiingiwe na kimbunga, na sababu ya kuwekwa ni khanga niliyolala nayo.

Kimbunga chenyewe si cha ndotoni, msinicheke. Redio ilikuwa ikikitangaza tangu juzi: kiko baharini, kinakuja, jina lake Jamila, wakazi wa mabondeni wapande juu. Mimi niko huku Kilimahewa, juu, sina shida. Lakini mke mwenzangu Zubeda yuko chini Kitopeni, mtoni kabisa, nyumba ya udongo. Tuliolewa na mume mmoja, tukamzika pamoja, na siku ya arobaini yake tukakosana kwa sababu ya sufuria ya wali ulioungua. Yeye asema niliunguza mimi. Mimi najua aliunguza yeye. Tangu hapo hatusemeshani. Nilimpelekea watu wamwambie apande huku kwangu, hakujibu. Nikalala na hilo kifuani.

Basi naona niko darasani. Wakubwa wa mkoa wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mkuu wa Mkoa amevaa koti la mvua, chini hana viatu. Akanitazama kwa makini.

"Bibi, hiyo khanga ni rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

Wakanong'onezana. Mkuu wa Mkoa akasimama, dawati likasimama naye.

"Kwa watu wa hali ya hewa, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni hatari kubwa. Humu ndani hakuna aliyevaa hatari kubwa ila wewe. Kwa hiyo msimamizi ni wewe."

"Mimi shule niliishia la tatu, baba."

"Hili ndilo la tatu," akasema, akanionyesha mlango. Nikasoma. Kweli, lilikuwa la tatu.

Mezani kulikuwa na ramani ya mkoa, na upande wa pwani ilikuwa inavuja. Maji ya chumvi yanatiririka mezani, yanadondoka sakafuni, wakubwa wameinua miguu. Nikaegemea nione vizuri.

"Ondoa kiwiko, bibi," ramani ikasema. "Umekalia wilaya."

Nikaondoa. Nikaiuliza kimbunga kimefika wapi.

"Kiko njiani. Kinaulizia nyumba."

"Kinaulizia?"

"Hiki kimelelewa," ramani ikasema. "Hakiingii kwa mtu bila hodi, na mlango usioitikiwa karibu, hakivuki."

Wakubwa wote wakashusha pumzi kwa pamoja, mapazia yakapepea. Mkuu wa Mkoa akasema kazi imekuwa nyepesi, watu wasiitikie tu, tunywe chai.

"Baba," nikamwambia, "mkoa huu? Hapa ukipiga hodi makaburini utaitikiwa."

Akaacha kikombe.

Nikaita kipaza sauti. Kikaja kwa miguu yake, kimejifunga kitambaa shingoni, kinakohoa. Nikakiambia kitangaze kuanzia sasa asiitikie mtu hodi, hata awe nani.

"Awe nani, au ila ndugu?" kikauliza.

"Awe nani!" nikasema. Wakubwa wakanipigia makofi, na mimi nikajiona nimekata neno la maana.

Mkoa ukanyamaza. Muuza maandazi alisimama mlangoni kwake na ndoo yake, mkewe hamfungulii. Shehe alikuwa nje ya msikiti wake. Kuku walisimama mbele ya mabanda, kichwa upande, wanasubiri. Kila aliye ndani anajiambia kimoyomoyo, hii sauti ni yake, lakini yawezekana ni Jamila.

Likabaki suala la mabondeni. Nikasema watu wa Kitopeni wapandishwe. Mkuu wa Mkoa akasema kuhamisha mtu mmoja mmoja kunachosha, afadhali lihame bonde lenyewe.

Bonde likaja. Limebeba mpunga kichwani na vyura mgongoni, linahema.

"Niwekwe wapi?"

"Mlimani," akasema Mkuu wa Mkoa.

"Na mlima?"

"Ushuke ukupishe."

Mlima ukainuka, ukakung'uta mbuzi, ukashuka bila kusema neno. Nikaona kuna jambo hapo halikukaa sawa, lakini nilikuwa nahesabu nyumba kwa macho, naitafuta moja. Siioni.

"We bonde! Zubeda yuko wapi?"

Bonde likajipapasa mifukoni. Likatoa kisima, likatoa mashine ya kukoboa, likatoa mtu amelala. Likavirudisha.

"Nyumba zote ninazo ila hiyo. Mwenyewe aligoma. Alisema hahamishwi na mtu asiyemsemesha."

Maji ya ramani sasa yamefika kwenye viti. Ramani ikasema kwa sauti ya chini, "Jamila ameshuka Kitopeni. Anapiga hodi mahali palipokuwa na nyumba, hapati mtu. Imebaki moja."

Nyie hamumjui Zubeda. Kwake kuitikia hodi ni maradhi. Mbuzi akigonga mlango kwa pembe, anaitikia karibu. Siku moja alimkaribisha mtoza ushuru, mganga na mwizi, wote wakala sinia moja, mwizi akaaga akasindikizwa. Tangazo atalisikia, sawa, lakini mdomo wake haujawahi kumsubiri.

Nikaweka kidole kwenye ramani pale Kitopeni. Karatasi ilikuwa imelowa, kidole kikazama, mkono ukazama, nikazama mimi.

Nakimbia. Upepo unanisukuma kifuani kama mtu anayenikataza. Njia ya Kitopeni imetandikwa mikeka, na juu ya mikeka wamekaa watu wa arobaini, wale wale, wanakula. Naruka masinia. Wananishika khanga.

"Somoe, wali huu umeungua. Nani kauunguza?"

"Niachieni, kuna kimbunga!"

"Kimbunga tunakijua. Wali ndio hatuujui."

Naiacha khanga mikononi mwao, nakimbia na gauni.

Mara si nikaona natembea na mtu. Binti mrefu, anapita minazi, lakini kwa heshima amejiinamisha hadi bega lake likalingana na langu. Kalowa chapachapa. Kwapani kabeba mabati, mengi, kama mtu aliyebeba masinia ya kuazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema. Mdomo ulinitangulia.

"Waenda wapi na upepo huu?"

"Kwa mke mwenzangu."

"Na mimi naenda huko huko. Tufuatane."

Nikatazama yale mabati. Mengine yalikuwa bado na misumari, moja lina kiota cha njiwa.

"Hayo ya nani, mwanangu?"

"Ya watu walioniambia karibu."

"Hawakusikia tangazo?"

"Walisikia, bibi. Waliitikia kwanza, wakakumbuka baadaye."

Nikamuuliza anataka nini kwa Zubeda, bibi kizee, hana hata redio.

"Nimechoka," Jamila akasema. "Tangu nizaliwe nazunguka. Nataka nyumba niingie, nikae, basi."

"Ukishakaa?"

Akafikiri. "Nikishakaa, nyumba inakuwa nje."

Tukafika. Nyumba ya Zubeda imesimama peke yake kwenye tope, kama jino la mwisho. Nyuma yake mto unapanda ngazi za jikoni, taratibu, unachungulia masufuria.

"Tangulia wewe, bibi," akasema Jamila. "Wewe mkubwa."

Nikapiga hodi.

Kimya.

Nikapiga tena. Kimya. Zubeda, anayeitikia hata mbuzi, kanyamaza. Nikainua macho, juu ya paa kimekaa kipaza sauti changu, kimejikunyata, kinakohoa: "Awe nani. Awe nani."

"Zubeda! Ni mimi, Somoe!"

Na nyuma yangu, sauti ile ile, hata kile kimluzi cha pengo langu: "Zubeda! Ni mimi, Somoe!"

Ndani kukasikika kiti kinavutwa.

"Naona kina Somoe wako wawili leo," Zubeda akasema. "Hata mmoja tu alinishinda."

"Usifungue kwa huyo mwingine!" nikasema.

"Usifungue kwa huyo mwingine!" akasema Jamila. Kisha akanigeukia, kwa sauti yake mwenyewe, ya upole. "Samahani, bibi. Ndivyo kazi ilivyo."

"Basi kaa hapo hapo nje. Hatakuitikia. Nimeshatangaza."

"Nitakaa. Mimi sitavuka mlango. Ila mto haujui adabu, bibi. Huo sikuja nao, nimeukuta hapa hapa kwenu."

Nikatazama chini. Maji yako magotini. Ukuta wa Zubeda umeanza kulainika, unavimba kama mkate kwenye chai. Asipofungua, udongo utamwangukia. Akimfungulia huyu, ndiyo basi. Na aliyewaambia watu wasifungue ni mimi, na aliyepigiwa makofi ni mimi.

"Zubeda, toka! Ukuta huo!"

"Nitauliza neno moja," akasema huko ndani, hana haraka, kama anayechambua mchele. "Atakayejibu sawa ndiye Somoe. Ule wali wa arobaini, aliunguza nani?"

Jamila hakungoja. "Niliunguza mimi, mwenzangu," akasema kwa sauti yangu, tamu ajabu. "Nisamehe. Sote tulikuwa na msiba."

Nikaona ni jibu zuri. Nikaona hata mimi ndilo lingenipasa. Maji yako kiunoni, yana baridi, yamebeba mwiko wa Zubeda yanapita nao mbele yangu. Sema tu, Somoe, nikajiambia. Maneno mawili. Mtu anakufa humo ndani. Nikafungua mdomo nilitoe, wallahi nilikuwa nalitoa, likasimama kooni kama mwiba wa samaki. Na lililotoka ni hili:

"Uliunguza wewe! Moto umeuchochea mpaka juu, umekwenda kupiga soga na wifi, mimi niko kisimani! Halafu ukaniangalia mimi mbele ya wakwe!"

Upepo ukanyamaza. Hata Jamila alinitazama kama niliyetukana msikitini. Nikajua nimemuua Zubeda kwa sufuria.

"Huyo ndiye," akasema Zubeda.

Mlango ukafunguka kidogo tu. Mkono ukatoka, ukanishika kwenye kifundo cha mkono, ukanivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Mfupa ukalia. Nikaangukia ndani.

"Na mimi, mama?" Jamila akauliza pale nje. Aliinama sana, jicho moja likaenea dirishani. Lilikuwa na huzuni. "Mimi mgeni."

Nikamwona Zubeda uso unabadilika. Namjua uso huo. Ni uso wa mtu anayetafuta kikombe cha ziada. Midomo ikaachana, ulimi ukapanda, nikamrukia nikamziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Anaitikia ndani ya viganja vyangu, nasikia joto lake, nasikia neno linagonga litoke. Jamila amesikiliza. Mimi nimebana. Mto umeingia jikoni.

"Anasemaje?" akauliza Jamila.

"Anakohoa," nikasema.

Akasubiri kidogo, kama wanavyosubiri watu waliofunzwa. Kisha akapanga mabati yake vizuri kwapani.

"Haya, bibi. Nitajaribu ng'ambo." Akaondoka, minazi ikampisha.

Nikamwachia Zubeda. Akafuta midomo.

"Una mikono michafu," akasema.

"Sasa umesemeshwa. Utahama?"

"Nimesemeshwa vibaya," akasema, akaanza kukunja godoro. "Lakini nimesemeshwa."

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mvua inapiga bati, upepo unavuta milango, redio imejisemea yenyewe usiku kucha mpaka betri zimeanza kuchoka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unaniuma kwenye kifundo, umevimba. Nikajiambia nimeulalia. Nikauficha ndani ya shuka, maana ukiuangalia ndio unazidi, nikawaza nitamtuma nani Kitopeni saa hizi na mvua yote hii.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu, godoro kichwani, kuku wawili kwapani, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni kwangu nilipofagia jana. Zubeda. Hakusalimia. Akaachia kuku wakakimbilia uvunguni, akalitua godoro pale pakavu, kwenye kona yangu nzuri, akakamua khanga yake.

"Mto umefika jikoni," akasema.

"Nyumba?"

"Ukuta wa nyuma umekwenda. Nilikuwa nimeshatoka."

Akatafuta kuni kavu nyuma ya mlango, akapanga mafiga, akateleka maji. Mgongo kanipa mimi.

"Haya, njoo," akasema bila kugeuka. "Huo mkono uukande yakiwa bado ya moto. Nilikuvuta vibaya."