Nyumba Niliyoigawa kwa Kanuni

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya mwisho ya Februari 1956, fundi Seifu alikuwa juu ya paa langu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, anang'oa bati. Nilimwuliza nani amemtuma.

"Mwenye bati, Bwana Zahoro."

"Mwenye bati ni mimi."

"Basi kabishane na Bi Zamda. Huku juu sisikii vizuri."

Zamda alikuwa mke wangu hadi mwaka uliopita. Eda ilikwisha, na Ijumaa tuligawana mali humo humo ndani, mbele ya mashahidi na Mzee Mwinyimvua, jumbe wa mtaa. Mzee alipendekeza jambo rahisi: nyumba ina vyumba sita, ukumbi unapita katikati, vitatu vya kulia viwe vyangu, vitatu vya kushoto vya Zamda. Zamda alikubali. Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angekubali. Mimi nilikuwa karani wa stoo bandarini.

Kulikuwa na saa ya ukutani. Nilizawadiwa kazini kwa kutochelewa, nayo ilikuwa imefungwa kwa skrubu katika chumba cha kushoto. Zamda alisema niichukue. Sikutaka hisani, nilitaka kanuni. Nikasimama, nikaeleza kwamba kitu ni cha aliyekileta, hata kama kimefungwa mahali.

"Hata kilichopigiliwa misumari?" aliuliza Mzee Mwinyimvua.

"Hasa hicho, mzee."

"Na kila mtu achukue chake kabla hatujagawa vyumba?"

"Kabla ya chochote."

Zamda aliinua uso, akatazama juu kwa muda. Nilidhani anazuia machozi.

"Nakubali," alisema.

Nikaondoka na saa, nimeridhika sana.

Mabati, boriti na milango yote ya nyumba ile ilitoka kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akiuza boriti Magogoni. Alimpa binti yake tulipooana. Sikuwa nimesahau, mizigo ilipofika niliipokea mwenyewe na kuikagua. Ila kichwani mwangu vitu vile vilipokwisha kupigiliwa vikawa nyumba, na nyumba ikawa mimi, kwa kuwa kibali cha kiwanja kilikuwa na jina langu.

Bati la pili liliposhuka, mpangaji wangu Pantaleo, Mchaga mwenye duka la vitambaa, alitoka na kikombe cha chai. Alitazama juu, akauliza kama kodi ya mwezi huu ni ya chumba au ya uwanja.

Nilivuka barabara. Zamda alikuwa barazani kwa shangazi yake, Bi Siwema, anachambua mchele.

"Zamda, masika yanakuja."

"Najua. Ndiyo maana nimemwambia Seifu afanye haraka."

"Na boriti utachukua? Nyumba itaanguka."

"Boriti zimepigiliwa misumari, Bwana Zahoro. Hasa hizo."

Nilimwuliza changu kipi, basi. Alifikiri kwa haki kabisa.

"Udongo," alisema. "Na ile chokaa ya mbele uliyopaka mwenyewe, ikaishia katikati."

Bi Siwema alikohoa kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kikohozi.

Nilikwenda kwa Mzee Mwinyimvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia nyundo."

Alinipa njia. Angewaita mashahidi wale wale, mimi niseme mbele yao kwamba kanuni yangu haikufaa, na mgawo wa vyumba vitatu kwa vitatu ungerudi. Zamda alikwisha kumwambia kwamba hana kinyongo.

Nilitafakari nikiwa nimesimama pale pale. Nusu ya nyumba kwa sentensi moja. Lakini kanuni ilikuwa sahihi. Niliipima kila upande na sikuona kosa ndani yake, na mpaka leo sijaliona.

"Kanuni ilifaa, mzee," nilisema.

"Haya, baba."

Kuta za udongo bila paa zisingevuka masika, nikamuuzia Zamda udongo wangu, na kibali cha kiwanja kikaandikwa jina lake. Alasiri Seifu alipanda tena, akapigilia yale mabati mawili. Pantaleo aliomba ile chokaa ya mbele imaliziwe, akakubaliwa.

Mimi nilipata chumba Ilala. Mwenye nyumba alinionyesha mlango, dirisha na mahali pa kuchotea maji, kisha akaitazama saa niliyoibeba kwapani.

"Ukutani usipigilie kitu," alisema. "Ukuta wangu."

Saa niliiweka sakafuni.