Uso Aliouacha Loise

Bridget na dada yake Loise walipishana kwa mwaka mmoja tu, na pale kwao Mwingi hata mwalimu wa kanisa alikuwa akimpa huyu pongezi za yule. Weusi ule ule wa kung'aa, paji la uso lile lile, meno yenye mwanya mbele. Loise alifariki akiwa chuoni, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Tangu mazishi, kila Bridget alipoingia sebuleni, mama yao alivuta leso akafunika uso, akalia.

Hakuna aliyemwambia afanye alichofanya. Siku moja alikwenda mjini akanunua krimu ya kung'arisha ngozi, ile ambayo wasichana wengi walikuwa wakipaka, akaanza kuitumia asubuhi na jioni. Akawa maji ya kunde, kisha mweupe. Mama akaacha kulia. Aliacha pia kumtazama. Akizungumza naye, macho yalikuwa kwenye sufuria au mlangoni.

Alipopata uhamisho wa kufundisha shule ya wasichana Garissa, Bridget alishukuru. Lakini jua la Garissa halikuelewana na ile krimu. Kabla muhula haujaisha, mashavu yake yalikuwa yakiwaka kama yamemwagiwa uji wa moto, na chini ya macho palitokea madoa meusi.

Mwenye nyumba wake alikuwa Timiro, mama wa makamo aliyeuza mbuzi na maziwa ya ngamia. Alimkuta Bridget ameegemea mtungi wa maji, kitambaa kibichi usoni.

"Bole, abaayo," alisema Timiro. Ndivyo alivyomwita kwa Kisomali, dada. "Hii kitu unatumia itamaliza uso yako. Kwa nini hutaki ile Mungu alikupa?"

"Nitaiacha tu, mama."

"Mwaka gani?"

Bridget alicheka. Jioni ile alipaka tena.

Kilichomgeuza ni mdahalo wa shuleni. Wasichana walikuwa wakijadili kama ni halali kuwatumia wanyama kujaribu vipodozi, naye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Msichana mmoja, Roda, alisimama akaeleza jinsi sungura wanavyobanwa shingo wasijikune, kisha wanatiwa krimu jichoni ili ijulikane itamchoma binadamu kiasi gani.

"Hapigi kelele," Roda alisema. "Mbuzi angelia. Sungura ananyamaza tu, na sisi tunanunua, tunapendeza."

Wenzake walipiga makofi. Bridget alishika kalamu asiweze kuandika alama. Loise alifuga sungura nyuma ya jiko, akiwapa majina ya majirani, na alikuwa akimfokea yeyote aliyewashika kwa masikio. Baada ya mazishi watu waligawiwa sungura hao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwalisha bila kuvunjika moyo. Hakujua kama krimu yake ilijaribiwa hivyo, na kopo halikusema. Lakini alipofika nyumbani hakuweza kulifungua. Alilitupa kwenye shimo la taka pamoja na rangi za midomo na poda.

"Nifundishe unachotumia wewe," alimwambia Timiro.

Timiro alimletea qasil, unga wa majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa. Ukiuchanganya na maji unatoa povu kama sabuni, na unanukia nyasi zilizonyeshewa. "Mama yangu alitumia hii kule Eldas. Lakini usifikiri ni muujiza," alisema. "Ngozi itakasirika kwanza. Fumilia."

Ilikasirika kweli. Uso ukawa na rangi mbili kama ramani, na Bridget akawa anajitanda shela mpaka kwenye macho. Ndugu yake Muema alipompigia simu ya video, alizima kamera akasingizia mtandao. Alivumilia. Madoa yakafifia polepole, weusi ukaanza kurudi, kwanza shingoni, halafu kwenye paji la uso.

Asubuhi moja aliinua uso kutoka kwenye beseni, akatazama kioo kilichotundikwa uani, na Loise alikuwa pale.

"Loise," alisema, kwa sauti ndogo.

Tangu hapo alichelewa shuleni mara kwa mara. Alinawa hata pasipo haja ili apate sababu ya kusimama mbele ya kioo. Aliinamisha kichwa kama Loise alivyokuwa akikiinamisha, akatabasamu kama yeye. Kwa kitambo kidogo alikuwa naye. Halafu tabasamu lilichoka, na waliobaki uani ni yeye na kuku wa Timiro.

Likizo ilipokaribia, Muema alipiga simu: mama anakuja kumtembelea, ameshapanda basi. Bridget alikwenda stendi amejifunika shela. Alijua leso itakavyovutwa.

Mama aliteremka, akaweka kikapu chini. Alimtazama. Akanyoosha mkono, akaishusha ile shela mwenyewe, akaendelea kutazama. Machozi yalimtoka, lakini leso aliiacha kiunoni.

"Nisamehe, mwaitu, mama yangu," Bridget alisema. "Najua ukiniona unamwona yeye."

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa unalia kila nikiingia."

Mama alichukua kikapu, wakaenda nyumbani, na Timiro akawawekea mkeka uani. Hapo mama alimshika Bridget kidevu.

"Watu walisema mnafanana. Mimi sikuwahi kuwachanganya hata siku moja. Yeye nyusi zake zilikutana. Masikio yake madogo. Wewe hata ukicheka gizani ningekujua." Alipangusa pua. "Nililia kwa sababu mlizoea kuingia wawili. Halafu ukajibadilisha, nikawa sioni hata mmoja. Nikaogopa kukuuliza."

 Bridget alikuwa amerudisha ngozi yake, naye alifurahi kuwa mama anamtazama. Lakini kumbe yule wa kwenye kioo hakuwa Loise. Alikuwa yeye tu siku zote. Alihisi kama amefiwa upya, akalaza kichwa mapajani mwa mama kama mtoto.

"Nyusi zilikutana?" aliuliza baadaye. "Mimi nilikuwa nimesahau."

"Zilikutana. Alikuwa akizinyoa kwa wembe wa Muema, zinarudi."

"Na nini kingine?"

Mama aliegemea ukuta, akaanza kueleza. Alieleza jinsi Loise alivyokuwa akila embe, alivyokuwa akiimba mashairi kwa kukosea makusudi, alivyoogopa radi. Timiro alileta chai ya maziwa, akaiweka, akaondoka. Chai ikapoa. Kila mama alipotulia, Bridget alimuuliza tena, akitamani asimalize.